Jumapili Agatina Aliposinzia

Kila Jumapili alasiri Agatina, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi moja: kutembea kati ya dada yake Rosalba na Nuzzo, mchumba wa dada huyo, kutoka kanisani hadi bustanini na kurudi. Katika mji wao wa Sisilia, enzi hizo, wachumba wakionekana peke yao watu walisema wametoroshana. Basi wachumba wa namna hiyo walifungishwa ndoa alfajiri, kimyakimya, bila gauni jeupe wala wageni. Na Rosalba alikuwa amelidarizi gauni lake kwa miaka miwili.

Jumapili hiyo Agatina alikuwa hoi. Wiki nzima alikuwa akigeuza rojo la nyanya lililoanikwa juani, mpaka mabega yakamuuma. Walipofika bustanini alijibwaga kwenye benchi.

"Mlinzi gani huyu anayesinzia?" Nuzzo alimtania.

"Nakuona, shemeji. Kaa mbali na dada," alijibu, huku kope zikijifumba.

Alipozinduka, alikuwa amefunikwa shali ya Rosalba, na Rosalba mwenyewe alikuwa akimtikisa huku machozi yakimlengalenga.

"Tulikwenda kunywa maji bombani tu. Bi Pippina katuona! Sema ulikuwa nasi. Nakuomba, mdogo wangu."

Nyumbani walimkuta Bi Pippina, jirani yao, keshafika kwa Mama.

"Peke yao! Nimewaona kwa macho yangu haya!"

Mama alimgeukia Agatina. "Ulikuwa wapi?"

Agatina alimtazama dada yake. Alimwonea huruma mno, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka mno hata kuubeba.

"Nililala, Mama. Sikuwaona. Siwezi kusema niliwaona."

Rosalba alijifunika uso. Mama alivuta pumzi, akamgeukia jirani.

"Wewe uliwaona kwa muda gani?"

"Tangu walipomfunika mtoto hadi waliporudi kumwamsha! Sikubandua macho."

"Walifanya nini?"

"Walikunywa maji."

"Halafu?"

Bi Pippina alisita. "Halafu wakarudi."

"Basi hawakuwa peke yao. Wewe ndiye uliyewasindikiza leo," alisema Mama. "Asante, jirani. Atakayeuliza mtaani, mwambie hivyohivyo."

Bi Pippina aliaga akaondoka.

Mama aliketi karibu na Agatina. "Ungenidanganya, na Bi Pippina kaona ulivyolala, nani angetuamini tena? Msindikizaji hatumwi kwa ajili ya macho yake tu, mwanangu. Anatumwa kwa sababu akisema neno, watu wanaliamini. Hilo umelitunza. Kosa ni langu, kumtuma mtoto aliyechoka hivi. Jumapili ijayo nitakwenda mwenyewe."

Agatina alikuwa keshalala, na Rosalba alikuwa akimfunika tena ile shali.