Neno Zito Hulaliwa

Lifti ilikwama saa ile watu wanaporudi kutoka kula, na ukumbi wa chini wa lile jengo refu ukajaa watu wenye hamu ya kumlaumu mtu. Katikati yao alisimama mpiga pasi wa duka la dobi la palepale chini, gauni la manjano limemkaa vizuri, nywele amezibana kwa haraka. Mkononi alining'iniza joho jeusi la mchungaji, bado lina joto la mvuke. Alitakiwa kulifikisha juu, kwenye ofisi za kanisa.

Kichwa cha fundi wa lifti kikachomoza kutoka kwenye shimo lake, grisi shavuni.

"Dada, usiegemee hapo. Mlango huo unauma."

"Na wewe unatafuta nini humo, dhahabu?"

"Natafuta njia ya kukufikisha juu. Joho la nani hilo?"

"La mchungaji mmoja, namjua kwa kola tu. Naisugua mpaka vidole vinaisha, wiki ijayo inarudi imelowa tena. Yule baba anahubiri kwa shingo."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Hakusema kwamba shingo ile ni ya baba yake mzazi. Alinyamaza tu, na kwa kunyamaza hakuna anayeshtakiwa. Lakini kunyamaza huko huko ndiko kulikokuja kuwatoa machozi wote wawili.

Tangu siku hiyo lifti ikawa haiishi kuugua. Fundi aliipima asubuhi, akaipima jioni, na kila mara kipimo kilimpitisha mbele ya kaunta ya dobi. Bi Mvuke, mama mnene aliyekuwa mkubwa wa pasi zote mle dukani, alitazama akachoka.

"Hiyo lifti yenu ina maradhi gani, baba? Ipelekeni hospitali tupumzike."

Simu nazo hazikulala.

"Pasi wangu, umekula?"

"Nimekula mvuke. Uko wapi?"

"Juu kabisa, chumba cha mashine."

"Shuka basi, nimekumiss."

"Ukiniita kwa sauti hiyo nitashuka kwa kamba."

Mpiga pasi alimpenda Fundi kwa namna ambayo hakuwa ameitarajia tena maishani mwake. Na kwa sababu hiyohiyo aliogopa, kwani lilikuwapo jambo ambalo hakuwahi kumwambia, na kila siku iliyopita lilizidi kuwa gumu kutamkika.

Siku moja Fundi alimwalika chai kwenye mkahawa wa jirani. Alikuja amevaa shati jeupe ambalo mpiga pasi mwenyewe alikuwa amelinyoosha, viatu vinang'aa, uso wa mtu aliyebeba mzigo.

"Pasi, lile joho la kola ya jasho ni la baba yangu."

Akajifunika uso kwa viganja. "Mungu wangu. Na nilivyomsema!"

"Nilimwambia. Alicheka, kisha akaenda kujitazama shingo kwenye kioo." Fundi alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Kabla yake lilivaliwa na babu. Na aliyemzaa babu alikuwa mchungaji kabla joho lenyewe halijashonwa. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hazaliwi, anatumwa. Mimi ni wa kwanza, tena peke yangu. Jumapili wazee wa kanisa wanataka jibu langu, kama niko tayari kuwekewa mikono niwe mchungaji."

"Na mke wa mchungaji anatakiwa aweje?"

"Asiwe ameachana na mume. Ndiyo sheria ya kanisa letu. Kwani sisi inatuhusu nini?"

Chai ilikuwa mbele yake, hakuigusa. Angeweza kunyamaza, aolewe, siri ikae chini ya zulia. Lakini alikuwa amechoka kuishi kwa kunyata.

"Inatuhusu," akasema. "Nimewahi kuolewa. Alikuwa akinifungia mlango kwa nje kila akienda kazini. Siku moja alisahau ufunguo mlangoni, nikatoka, sikurudi. Talaka ninayo. Nilitaka kukwambia tangu mwanzo, nikaogopa."

Fundi akamtazama. Akainua kiganja taratibu mpaka usawa wa kifua, kama mtu anayezuia mlango usifunguke, akasimama, akatoka. Hakusema hata kwaheri.

Mpiga pasi alimpigia jioni, simu imezimwa. Akampigia asubuhi, imezimwa. Siku zikafuatana hivyo, na sauti ileile ya mashine ikimjibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani, mpaka akaichukia kama mke mwenza. Aliunguza shati la mteja. Alipika asile. Akilala alikiona kile kiganja kimeinuliwa, na moyoni alijua maana yake: umenitia najisi, usinikaribie. Mlango mwingine umefungwa, safari hii yeye ndiye yuko nje.

"Mwanangu," Bi Mvuke akamwambia huku akikunja shuka, "mwanamume akikuacha husema. Huyu hajasema."

"Hajasema ndiyo amesema, Bi Mvuke."

"Mpe nafasi."

"Nimempa. Nafasi inaniua mimi."

Jumamosi maumivu yakageuka hasira, na hasira haina macho. Akachukua simu, akaandika: *Usinitafute tena. Nimerudi kwa mume wangu.* Ulikuwa uongo mtupu, hata barabara ya kwa yule mume hakuitaka tena. Akautuma, kisha akajificha katikati ya makoti ya watu yaliyotundikwa, akalia humo mpaka macho yakavimba.

Jumatatu mama mmoja mtu mzima, aliyevaa kilemba cha rangi ya maziwa, aliweka joho jeusi juu ya kaunta.

"Lisafishe vizuri, binti. Safari hii tunaliweka kabatini. Mzee akistaafu halina wa kulivaa."

Mpiga pasi akashika kaunta. "Kwa nini, mama?"

"Mwanangu amelikataa." Mama alishusha pumzi. Huenda alikuwa na haja ya kumwambia mtu, na mtu asiyemjua ndiye rahisi. "Wiki nzima hakufungua kinywa. Wanaume wa nyumba ile ndivyo walivyo, wamerithi kwa babu yao. Ukiwaletea neno zito hawalijibu siku hiyo. Wanasema neno zito hulaliwa. Wanainua mkono hivi, wanaondoka, wanakwenda kuliombea. Kwao hiyo ni heshima. Baba yake alinifanyia hivyo siku niliyomwambia sina wazazi wala ndugu wa kujadili mahari. Nikadhani nimeachwa. Nusura niolewe na mwingine kwa hasira."

"Na mwanao, mama, alisemaje?"

"Jana alisimama mbele ya wazee akasema kuna mwanamke, na mwanamke huyo na joho haviwezi kupita mlango mmoja, basi amemchagua mwanamke. Baba yake akatoka, mpaka leo hajamsemesha. Mtoto akawasha simu yake ampigie huyo mwanamke. Sijui alisoma nini humo. Hakula." Mama akainua macho. "Binti, mbona unalia?"

Mpiga pasi alizunguka kaunta. Alilibeba joho kifuani, akakimbia. Nyuma yake Bi Mvuke akapaza sauti, "Yuko juu! Anafungasha zana, ameomba wampeleke mji mwingine!"

Lifti ilikuwa imezimwa. Akapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, kiatu kimoja kikamvuka akakiacha. Alipofika chumba cha mashine, Fundi alikuwa amepiga magoti anapanga spana kwenye mkoba. Macho yalikuwa mekundu. Alimwona, akarudi kwenye spana zake.

"Hongera," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kurudi kwako."

"Sikurudi. Sina pa kurudi." Pumzi ilimkatika. "Nilikudanganya ili na wewe uumie. Nilikwambia jambo lililo gumu kuliko yote niliyonayo, ukaniinulia mkono ukaondoka. Nilijua umenihukumu. Nani angeniambia kwamba kwenu kunyamaza ni heshima?"

"Nilidhani unajua."

"Nitajuaje? Mimi nimelelewa na watu wanaosema!"

Fundi akafungua kinywa. Kisha kiganja kikaanza kupanda chenyewe, taratibu, kama cha baba yake na babu yake.

Mpiga pasi alikiona. Lakini hakukimbia. Aliketi juu ya sanduku la vyuma, akalitandaza joho magotini.

"Haya, lilalie," akasema. "Mimi nitakaa hapa hapa."

Fundi akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda, kana kwamba ni zana ya mtu mwingine. Akaushusha.

"Hapana. Hili nalijibu leo. Nataka nikuoe, Pasi."

"Bila joho?"

"Joho nimeshalikataa. Nimebakiwa na ovaroli."

"Ovaroli nitaipiga pasi," akasema, na kilio kikamshinda. Fundi naye akalia, na hakulia kwa furaha peke yake. "Baba hasemi nami," akarudia mara kadhaa, "baba hasemi nami," naye akamkumbatia mpaka akatulia.

Jioni ile walilirudisha joho pamoja, limesafishwa, limenyooshwa, kola nyeupe kama siku lilipotoka kwa fundi cherehani. Mchungaji mwenyewe alifungua mlango. Alikuwa mrefu, na shingo yake mpiga pasi angeitambua hata sokoni.

"Baba," Fundi akasema, "huyu ndiye."

Mzee akamtazama binti. Akalitazama joho mikononi mwake, akaigusa kola kwa ncha ya kidole. Kisha akainua kiganja mpaka usawa wa kifua, akageuka, akaingia chumbani kwake. Mlango ukafungwa.

Mama alisimama sebuleni. Alikuwa amemtambua binti wa dobi, na hakuonekana kushangaa sana.

"Mama," binti akauliza kwa sauti ndogo, "akikataa jambo huwa anafanyaje?"

"Akikataa? Hukataa papo hapo."

Binti akalitundika joho kwenye kiti, akainyoosha kola, akaketi kungoja.