Gitaa la Darasa Zima

Kila asubuhi Zaïnati aliteka maji kwenye birika la uani, akafagia ukumbi, akampelekea mama yake chai, ndipo akashika njia ya shule. Akiwa njiani, vidole vya mkono wake wa kushoto havikutulia. Vilibonyeza ubavu wa mkoba huku na huku, na midomo yake ikivuma wimbo. Majirani wa mtaani kwao, hapo Moroni, mji mkuu wa Komoro, walikwisha kumzoea. Walikuwa wakimtania kwamba mkoba ule siku moja utaitikia.

Alikuwa na miaka kumi na tatu, na gitaa alilijua kweli, si kwa kubahatisha. Kaka yake Inzoudine ndiye aliyemfundisha, kwa gitaa lake la nyuzi za chuma. Sasa nyuzi za chuma, wasomaji wangu, hazina huruma na mtoto wa mtu. Mwanzoni Zaïnati alilia, akafunga vidole vitambaa, akarudi tena, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Kisha Inzoudine akapanda meli kwenda Marseille, na gitaa lake akaenda nalo. Zaïnati akabaki na sugu zake na sifa: shule nzima hakuna mwingine aliyeweza kupiga gitaa. Sifa hiyo aliipenda, tena aliipenda sana.

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Walimu wa Kifaransa walikuwa wamefungasha virago wakaenda zao, na serikali mpya ya Ali Soilih ilikuwa ikiwaambia vijana kwamba nchi ni yao, waishike wenyewe. Shuleni walimu walipungua, kwa hiyo wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo kusoma. Mwalimu wa kina Zaïnati aliitwa Fundi Tadjiddine, maana Komoro mwalimu huitwa fundi. Siku moja aliwaambia kwamba darasa lake litaimba katika sikukuu ya uhuru mwezi wa Julai, na kwamba wimbo wenyewe unataka gitaa.

Basi watoto wakachanga. Wapo waliouza madafu, wapo waliouza vitumbua, na Houmadi, mvulana mrefu mwenye maneno mengi, alibeba mizigo bandarini mpaka mabega yakamuuma. Mchango ulipopatikana, nani wa kwenda kuchagua? Wote walimgeukia Zaïnati. Mjomba wake, Chabane, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na safari yake ya Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, ilikuwa karibu. Huko alimjua mzee mmoja mpiga muziki aliyeuza magitaa yaliyoachwa na wageni waliohama. Wenzake walimsindikiza Zaïnati hadi kwenye boti wakimwagiza jambo moja tu: alete gitaa la nyuzi za chuma, litakalosikika mpaka Mvouni kule mlimani.

Mutsamudu ilimfurahisha Zaïnati. Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba na vya baridi, na watu walisema Kindzuani, lugha ya kisiwa hicho, kwa haraka, ikabidi mara kwa mara amtazame mjomba ili aelewe. Mzee Abdoulkarim, yule mpiga muziki, aliwapokea kwa chai, akawatolea magitaa mawili.

La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, la nyuzi za chuma. Zaïnati alilipiga mara moja tu na moyo ukamruka. Ilikuwa sauti ileile ya gitaa la Inzoudine. La pili lilikuwa la mbao tupu, shingo yake pana, na nyuzi zake za nailoni, tena zile nyembamba ungedhani ni mshipi wa kuvulia samaki. Alipolipiga kwa nguvu zake za kawaida, nyuzi zililalamika zikagongana na mbao. Akalirudisha haraka.

Mzee Abdoulkarim hakuwa mtu wa kuficha. Alimweleza kwamba lile jekundu nyuzi zimekaa juu, zinataka mkono wenye nguvu, na kwamba hewa ya chumvi itazitia kutu. Bei yake ingemaliza mchango wote. Hili la nailoni lilikuwa rahisi zaidi, na fedha zingebaki za kununulia nyuzi za akiba. Zaïnati alisikiliza kwa adabu, lakini macho yalikuwa kwenye lile jekundu. Yeye mkono wenye nguvu alikuwa nao.

Wakati wazee wakizungumza, mjukuu wa mzee, Mariama, mtoto wa miaka kumi hivi, alisogea akaomba ajaribu. Zaïnati alimpa lile jekundu, akamwonyesha pa kubonyeza. Mariama alibonyeza, akakunja uso, akatoa vidole akavipuliza. Sauti haikutoka. Alitaka kuondoka. Zaïnati, kwa kumwonea huruma tu, akampa lile la nailoni na kumwonyesha tena. Mtoto alibonyeza, akapiga, na sauti ikatoka safi. Akapiga tena. Akacheka, akamtazama babu yake, na hakutaka kuliachia.

Hapo Zaïnati akatulia. Aliwaona mawazoni wenzake wote wa darasani, na vidole vyao visivyo na sugu hata kidogo. Akinunua jekundu, litapigwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye. Akinunua hili jingine, kila mtu atajifunza, na ile sifa yake itakwisha. Moyo wake ulimwambia waziwazi: chukua jekundu, wenyewe si ndio waliokuagiza? Alimwonea wivu hata yule mtoto Mariama, na wivu huo ukamtia haya.

"Mjomba," alisema mwishowe, "waliochanga ni darasa zima. Tuchukue hili la nailoni."

"Una hakika, mwanangu? Mkono wako haujalizoea."

"Utazoea."

Mzee Abdoulkarim alimwonya jambo moja kabla hajaondoka: asije akalifunga nyuzi za chuma hata siku moja. Chuma kinavuta kwa nguvu mno. Kingeng'oa kile kibao kinachoshika nyuzi, na shingo ingepinda.

Moroni alipokewa kwa kicheko. Darasa lilitazama lile gitaa la mbao tupu, likasikia sauti yake ya upole, na Houmadi akauliza kama wamemtuma gitaa au wamemtuma gabusi la babu yake, ala ya zamani ya wazee. Kesho yake alikuja na nyuzi za chuma alizoazima mtaani, akataka zifungwe palepale. Wengine wakamuunga mkono. Zaïnati alilikumbatia gitaa kifuani, akawaeleza onyo la mzee, lakini hakuna aliyejali.

"Houmadi," alisema, akamnyoshea gitaa, "ulibeba mizigo ili upate gitaa. Kaa hapa ulipige mwenyewe. Likikushinda, basi lifunge chuma."

Houmadi alikaa kwa kejeli. Zaïnati alimshika vidole kimoja kimoja, akaviweka pahala pake. Gitaa likaitika. Kejeli ikamtoka usoni, akaomba aonyeshwe sauti ya pili. Zile nyuzi za chuma alizirudisha kwa mwenyewe jioni ileile.

Kuanzia siku hiyo Zaïnati alikuwa na kazi mbili. Nyumbani alijifunza upya kulegeza mkono, kunyoosha vidole kwenye shingo pana, kupiga bila kugombana na nyuzi. Shuleni aliwafundisha wenzake kwa zamu, wavulana na wasichana. Kuna siku alichoka, akatamani angekuwa na lile jekundu peke yake, tusimsingizie umalaika. Lakini hakuacha. Na kwa kuwa gitaa lilikuwa la sauti ndogo, Fundi Tadjiddine aliwafunza kuimba kwa sauti ya chini, pamoja, wakisikilizana.

Sikukuu ilipofika, uwanja ulijaa. Makundi mengine yalipiga kelele na ngoma. Lilipoanza darasa la Fundi Tadjiddine, watu walilazimika kunyamaza ili wasikie, wakasogea karibu, na wakiisha kusogea hawakuondoka. Ubeti wa kwanza alipiga Zaïnati. Kisha akasimama, akampa Houmadi gitaa, yeye mwenyewe akajiunga na waimbaji. Houmadi akampa msichana mwingine, na msichana akampa mwingine, wimbo haukukatika hata mara moja. Wazee wa mji, wenye majoho yao, walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Baadaye Fundi Tadjiddine alisimama mbele ya wazazi na wanafunzi.

"Tulimtuma Zaïnati atuletee gitaa moja," alisema. "Mjomba wake amenieleza kwamba yalikuwapo mawili. Angeweza kuchagua lile lililomfaa yeye, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua lililotufaa sisi, akajifunza upya, kisha akatufundisha. Nyinyi vijana mnaambiwa nchi ni yenu. Mkijaliwa kujua jambo, fanyeni hivi: msilishike peke yenu. Wapeni wenzenu, na jitaabisheni mpaka walijue."

Mama yake Zaïnati alikuwa amekaa mbele, na kwa kweli alikuwa amenuna tangu binti yake alipolitoa gitaa mkononi katikati ya wimbo. Sasa alimgeukia mwanamke aliyekaa karibu naye, akaiweka sawa mabegani shiromani yake, ile nguo ya kujitanda, akamwelekezea kidole Houmadi.

"Unamwona yule kijana mrefu?" alimwambia. "Huyo amefundishwa na binti yangu. Na yule msichana pale. Na yule. Wote wale ni wanafunzi wa binti yangu."