Pipa la Mavuno ya Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi mpelelezi alisimama ndani ya ghala la mvinyo, viatu vimelowa. Pipa kubwa kuliko yote lilikuwa tupu. Koki ilikuwa imefunguliwa bila kuvunjwa, na mvinyo wote ulikuwa umeishia kwenye mfereji wa sakafu. Harufu ya mafuta ya taa ilimkaba koo. Mlangoni chemli ilikuwa imevunjika vipande vipande.

Mvinyo ule aliuacha marehemu mzee wa shamba hilo, mtu wa kwanza kupanda mizabibu bondeni. Walimcheka, wakamwambia heri apande mawe. Leo bonde zima linaishi kwa zabibu. Mchana huo wageni wangekuja kulinunua pipa, na binti yake, mwonjaji wa mvinyo wa nyumba hiyo, angekunywa glasi ya kwanza mbele yao na kuwaeleza harufu yake.

Kaka yake, aliyefika jana kutoka mjini, alikuwa na mshukiwa wake tayari: fundi wa mapipa. Ndiye aliyefunga ghala jioni, na alikuwa ameshaambiwa mwezi ukiisha aondoke.

Fundi hakukana kuwa ndiye aliyefunga. Alisema aliangusha taa wakati wa kufunga, akaona haya kusema, akampa dada ufunguo kama kawaida.

"Afande, pipa hili nimelivisha pete ya chuma kila mwaka. Mke wangu nilimvisha moja tu. Mvinyo wake niumwage ili iweje?"

Mpelelezi alipanda hadi chumba cha dada, juu ya ghala. Kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja iliyooshwa. Akashuka, akauliza wote swali lilelile: ulipoingia, ulinusa nini? Kaka alisema mafuta ya taa, nusura atapike. Dada, aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango alfajiri, alijibu taratibu.

"Mvinyo tu. Zabibu zilizoiva, na mbao."

Mpelelezi alimgeukia.

"Dada, hayo mafuta yamemwagika tangu jana jioni. Mimi nimeyanusa nikiwa nje. Wewe ndiye pua ya nyumba hii. Hunusi kitu, sivyo?"

Dada aliketi kwenye ngazi. Tangu ile homa ya mwaka jana hanusi, alisema. Amekuwa akikisia kwa kumbukumbu na kwa kusoma nyuso za watu. Leo wageni wangemgundua, kaka angeuza shamba, naye aende wapi? Ndiyo maana alifungua koki. Fundi alipolaumiwa, yeye aliogopa kukiri.

"Kwa nini hukuniambia?" kaka aliuliza.

"Ningekuambia lini? Ukipiga simu, salamu na kwaheri zinafuatana."

Mpelelezi alimuuliza kaka kama bado anataka kesi. Kaka alitikisa kichwa, akamwomba fundi radhi, naye fundi akasema amesikia. Kisha kaka akakinga glasi kwenye pipa la pili, akaitoa nje juani, dada akimfuata.

"Unanukiaje?" dada aliuliza.

"Haya mambo siyajui." Akanusa. "Kama koti la Baba likinyeshewa."

Dada akafumba macho, akaonja, akauzungusha mdomoni.

"Basi mvinyo umekomaa," akasema. "Nusa tena. Nini kingine?"