Stuli Nyekundu ya Kusemea Shida

Kitendawili! Waliketi pamoja watafute dawa, kila mmoja akaapa kwamba yeye ni mzima. Ni akina nani hao? Msikimbilie jibu, sikilizeni kwanza.

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku, binti wa mwoka mikate, alifuta meza ndefu iliyokuwa nyuma ya duka la mama yake. Akapanga viti vinne, na katikati akaweka stuli nyekundu ya plastiki. Hapo ndipo kilipokutana chama cha wenye biashara wa mtaa ule. Kanuni yao ilikuwa nzuri: kila mtu akalie stuli, aseme jambo moja lililomshinda wiki hiyo, wenzake wamsaidie. Kanuni haikuwa na kasoro. Kasoro walikuwa wao.

Mwenye saluni, ambaye ndiye mwenyekiti, alitangulia. "Jamani, shida yangu ni wateja. Wanajaa mpaka mlangoni!"

"Pole sana, Mwenyekiti," wakaitikia wenzake, kama wako msibani.

"Mimi simu hainipi nafasi ya kula," akasema mchomea vyuma.

"Na mimi sifa zimenichosha," akasema fundi cherehani, ambaye wiki nzima alikuwa akifukuza nzi mlangoni kwake.

Nyuma ya magunia ya unga, Chiriku alibenua midomo. Watu wazima na ndevu zao, wanadanganyana kama watoto wanaoringiana viatu!

Ikawa zamu ya Mama. "Mikate inakwenda vizuri. Karibuni muonje."

Kumbe mkate ule aliununua duka jingine alfajiri! Mikate yake mwenyewe, kwa siku tisa sasa, ilitoka mibichi katikati, inanata kama gundi. Hospitali, mteja wake mkubwa, ilikuwa imemwonya: Jumatatu ikija hivyo tena, watatafuta mwoka mwingine. Bila hospitali, duka lingefungwa.

Chiriku akaangua kicheko.

"Unacheka nini wewe?"

"Mama, huo mkate si wetu!"

Mama akaitazama mikono yake. "Ni kweli. Tanuri limenishinda."

Mwenye saluni akachukua mkoba wake. "Mimi nilidhani hapa ni kwa watu waliofanikiwa," akasema, akatoka na visigino vyake, ko, ko, ko. Hakuna aliyemfuata.

"Dada," fundi cherehani akamnong'oneza Mama, "mimi mwezi huu sijashona hata kifungo."

Mchomea vyuma akainuka. Akafungua mlango wa tanuri, akapapasa ukingo wake. "Joto linatorokea hapa. Bawaba imepinda. Imegongwa na kitu kizito. Nani aliigonga?"

Chiriku alijua. Siku tisa zilizopita alilisukuma toroli la trei kwa mchezo, likaenda likajibamiza kwenye mlango wa tanuri, naye akanyamaza. Ile dharau yote aliyowabenulia wakubwa ikamrudia mwenyewe. Angeweza kusingizia panya, lakini ni panya gani huyo? Akaenda taratibu, akakaa kwenye stuli nyekundu.

"Ni mimi, Mama. Ni toroli. Niliogopa."

"Siku tisa, Chiriku! Siku tisa unaniona nikililia unga! Na hapa ulipotucheka, ulikuwa unamcheka nani?"

Chiriku, mwenye maneno kuliko redio, akaenda kumletea mchomea vyuma nyundo.

Kufika adhuhuri bawaba ilikuwa imenyooshwa. Jumatatu mpishi wa hospitali alikata mkate, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Huu umeiva," akasema. "Leteni na kesho."

Njiani Mama akamshika binti yake bega. "Dawa yangu ilikuwa mkononi mwa jirani yangu, mwanangu. Niliikosa kwa sababu niliona haya kusema naumwa. Wewe ukikosea, sema siku hiyohiyo. Na kabla hujamcheka mtu, jiangalie kwanza."

Jumamosi iliyofuata mwenye saluni alichungulia tu. Hana nafasi, akasema, foleni inamngoja. Chiriku akatazama ng'ambo ya barabara. Mlangoni pa saluni alikuwepo paka mmoja, amelala.

Safari hii hakucheka. Akaongeza kiti cha nne, endapo Mwenyekiti atarudi.