Kufuli la Mlango wa Nyuma

Kila jioni mama akirudi kutoka kiwandani, kitu cha kwanza ni beseni. Anatumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu, anashusha pumzi kama gari lililozimwa, halafu anampa Sindano simu amsomee ujumbe. Sindano ni binti yake wa darasa la sita, mwembamba, na ulimi wake unachoma, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mama anashona kola mia tatu kwa siku, lakini kusoma kulimpita kando, na wala haoni haya kukwambia.

Sasa kile kiwanda cha mashati kina mlango wa nyuma, na ule mlango una kufuli kubwa kama ngumi. Mwenye kiwanda anasema akiufungua ataibiwa. Moto ukiwaka je, wanawake mia mbili wapite mlango mmoja? Ndiyo maana uchaguzi wa diwani ulipofika walimpigania mwalimu mstaafu, aliyeahidi kwamba kufuli litang'oka. Sindano alibandika karatasi za kampeni za mwalimu mtaa mzima, gundi mpaka kwenye nywele.

Mwalimu akashindwa, tena vibaya. Akapita rafiki wa mwenye kiwanda. Shuleni wakawa wanamwimbia Sindano, "Gundi imekauka! Gundi imekauka!"

Jioni ile mama akasema, "Mwanangu, picha ya kufuli imo humo kwenye simu. Waandikie wale wenzetu wa ng'ambo wanaopakua maboksi yetu ya mashati, Bi Spana fundi wetu alipata namba yao kwenye mkutano wa wafanyakazi. Andika kwa lugha yao, si unajifunza shuleni? Waambie tumeshindwa kura na mlango bado umefungwa."

"Mama, watu wa huko wanatujua sisi?"

"Andika, bwana!"

Sindano akaandika. Halafu akafuta kila kitu na kusema, "Nimetuma." Si kwamba alikuwa mtoto mbaya, jamani. Moyo ulikuwa umemfa tu. Aliona hakuna maana.

Zikapita siku nane. Kila jioni, "Wamejibu?" Kila jioni, "Bado, mama."

Siku ya tisa waya ukaungua kiwandani. Moto ulizimwa upesi, lakini moshi ulijaa, na wanawake wakakanyagana mlangoni. Mama alirudi na mkono umevimba, nywele zinanuka moshi. Hata beseni hakulitaka.

"Tumeponea chupuchupu," akasema. "Na wale wa ng'ambo wametutupa. Basi tena."

Sindano hakuwahi kumsikia mama yake akisema basi tena. Machozi yakamtoka.

"Hawajatutupa, mama. Sikutuma. Nilikudanganya."

Mama akamsukumia simu. "Kumbe nimewalaumu watu ambao hata hawakuitwa! Adhabu yako ipo, usidhani nitasahau. Sasa kaa hapa, uandike."

Safari hii akaandika kila kitu, na habari ya moshi akaiweka. Asubuhi jibu likaja, Sindano akalisoma kwa sauti, akimtafsiria mama:

"Dada zetu, mbona mlichelewa? Na sisi juzi tumeshindwa uchaguzi kwetu, tunajua unavyouma. Kuanzia leo boksi la kiwanda chenu halifunguliwi hapa mpaka mlango wenu ufunguliwe."

Chini yake kulikuwa na picha: wanawake kumi na moja wamekunja mikono mbele ya mlima wa maboksi. Kesho yake ikaja nyingine, ya wapakuaji wa nchi ya tatu kabisa, nao wamekunja mikono vilevile. Mama akaomba aoneshwe tena, na tena.

Simu ya mwenye kiwanda ikalia siku tatu mfululizo, wanunuzi wakidai mashati yao. Siku ya nne msimamizi akaja na ufunguo, amenuna.

"Nani amepeleka umbea ng'ambo?"

"Sisi," akasema Bi Spana, fundi wa mashine, mama mnene mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. "Andika majina. Anza na langu, usikosee."

Msimamizi akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Kufuli lilikuwa limeota kutu ndani! Kila mwanamke akaiwaza siku ile ya moshi. Bi Spana akachukua msumeno wa chuma, akalikata mwenyewe, na upepo ukaingia.

Jioni mama akarudi kwenye beseni lake. "Diwani ana miaka mitano, akae," akasema. "Tulinyimwa kiti, hatukunyimwa mdomo. Lakini ukifunga mdomo wako mwenyewe, Sindano, hata mwenye kukupenda hakusikii. Na uongo wako ulikuwa kufuli la pili. Adhabu yako ni hii: utanifundisha kusoma, nisidanganywe tena."

Wakaanza siku hiyohiyo. Shuleni wale waimbaji walipoanza tena, Sindano akawaambia, "Njooni muone mlango."

Mwezi wa pili wa masomo hayo ukaja ujumbe kutoka ng'ambo: kwao wamefukuzwa wenzao watano, wanaomba kuungwa mkono. Sindano akanyoosha kidole aandike. Mama akaivuta simu, akakunja uso, akatafuta herufi mojamoja kama mtu anayeokota mchele. Sindano akachungulia. Mama alikuwa ameandika neno moja, la lugha yake mwenyewe, akalituma hivyohivyo:

TUPO.

"Haya," akasema, "wewe waelezee linamaanisha nini."