Saa Isiyokuwa na Sanduku

"Ivue hiyo saa, mzee! Ivue sasa hivi!"

Jamani... mbele ya sebule nzima! Aliyenikamata mkono ni baba wa kijana anayemposa mjukuu wangu. Mkwe mtarajiwa! Chai hata haijamiminwa...

Ngojeni nirudi nyuma. Mimi babu yenu ni fundi mageti mstaafu, shule niliiona kwa nje. Anayebonyeza simu ni huyo huyo mjukuu. Amenuna, lakini anaandika.

Basi, nilisikia wakwe ni watu wa maana, nami nikataka kung'aa. Dalali akaniletea saa ya dhahabu, ya mtumba, zile za matajiri.

"Sanduku lake liko wapi? Na karatasi zake?"

"Babu, kwani utavaa sanduku mkononi?"

Nilicheka hadi meno ya bandia yakacheza! Nikanunua.

Mke wangu akauliza, "Mbona bei ya kutupa?"

"Wewe unajua nini habari za saa?"

Nyuma ilikuwa na mikwaruzo mikwaruzo. Mimi na chuma tunajuana. Nikachukua msasa laini, nikasugua hadi ikawa kioo. Nikajisifu mwenyewe!

Haya, turudi sebuleni.

"Saa hii niliibiwa!" Mkwe bado kanishika mkono. "Alinipa marehemu mke wangu. Nyuma kuna maneno yake. Igeuze!"

Nikaivua, nikaigeuza.

Nyuma... safi. Hakuna hata herufi.

"Yaani umemwita babu yangu mwizi?" mjukuu akafoka.

Shangazi zake wakadakia, "Mwombe radhi mzee wa watu!"

Mkwe akainamisha kichwa. "Nisamehe, mkwe. Msiba umenichanganya."

Na mimi? Nikasema, "Yamekwisha."

Yamekwisha! Mdomo huu huu, jamani! Mtu kaibiwa, kafiwa, halafu ananiomba radhi mimi...

Chai ikamiminwa. Nikamwona anafuta macho kwa leso, na mwanawe anamwonea aibu baba yake. Hapo nikashindwa. Nikasimama mbele ya wote.

"Mkwe... saa ni yako. Maneno yalikuwepo. Nimeyasugua mimi kwa msasa, nikidhani mikwaruzo."

Hakunipiga. Bora angenipiga! Aliipokea, akapitisha kidole gumba pale nyuma, taratibu, kama anayetafuta kitu gizani.

"Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe," akasema. "Sonara aliufuatisha vile vile alivyouandika."

Sikuthubutu kuuliza ulisema nini.

Akaendelea, kwa sauti ndogo, "Sanduku ninalo, mkwe. Liko kabatini. Nililitunza nikijua ipo siku saa itarudi."

Saa imerudi. Mwandiko je?

Harusi ipo, wanangu. Mkwe hakutaka watoto waumie kwa ajili yangu. Yeye atakaa mbele, mimi nimeomba kiti cha nyuma, mkono mtupu.

Wajukuu zangu wa humu, ukiambiwa kitu hakina sanduku wala karatasi, usicheke kama mimi. Uliza hilo sanduku liko kwenye kabati la nani.