Mumo Aliyerudi Kutoka Japan

Nilikuwa natoka dukani na mkate, Kariobangi, giza ndio inaanza kuingia. Frankline akanikuta kwa ngazi akicheka mpaka anashika ukuta.

"Buda, si ungeniambia umerudi Japan?"

"Wacha ufala."

"Skiza basi." Akatoa simu. Sauti ya mum wangu. Analia na kucheka pamoja.

"Frankline mwanangu, kuja ukule chapo. Mumo amefika! Ako hapa ananawa miguu!"

Mumo ni mimi. Mkate ikaniponyoka.

Frankline peke yake ndiye alijua. Mimi sikuwai fika Japan. College ilinichagua niende kusoma huko, kanisa ikaniwekelea mikono, mtaa wetu wote wa Jericho ukaniimbia. Halafu nikanyimwa visa. Ningerudi na uso gani? Nilibeba begi kama mtu wa airport, nikaingia kwa Frankline, nikajifungia. Nikawa mwanafunzi wa Japan kwa simu. Nilikuwa narekodi nikiwa choo, mlango nimefunga, ndio mum asiskie nyundo za mafundi wa jua kali.

"Mum, huku ukiingia nyumba unavua viatu, unazigeuza ziangalie nje. Kabla ya kukula tunashikanisha mikono, tunainama. Class tunafagia wenyewe. Kwa treni hakuna mtu anaongea..."

Yote ya YouTube.

Kuna jioni alilia sana, ati nyumba imekuwa baridi. Nikamwambia, "Ukipakua niwekee sahani. Simama kwa mlango uniite jina. Nitaskia huku." Nilitaka tu anyamaze. Na susu, nyanya yetu, alitukataza tukiwa wadogo: giza ikiingia, usiite kwa mlango jina ya mtu hayuko. Kuna wenye hawana jina. Wanangoja ya bure.

Mum ni mtu wa kanisa. Mambo ya susu aliyaacha Kitui.

Akaita. Kila jioni, akaita.

Nikavaa hood, nikarukia boda hadi Jericho.

Kwa mlango yetu kulikuwa na viatu. Zimepangwa. Zinaangalia nje.

Nikaangalia miguu yangu. Nikaangalia zile. Kamba moja nyeusi, moja nyeupe, vile nilifunga mwenyewe ile ya kwanza ikikatika.

Zilikuwa zangu. Na zangu nilikuwa nimezivaa.

Harufu ikatoka chini ya mlango. Si chapo. Maji iliyolala kwa ndoo... na udongo.

"Kula mwanangu," mum akasema ndani. "Mbona unainama tu?"

"Huku hatuharakishi, mum..."

Sauti yangu. Na mwangwi ya choo ndani yake.

Nikagonga.

"Nani?" Mum.

Nyuma yangu Warigia, jirani, alikuwa anafua kwa bomba. Akaacha kufua. Huyo akijua kitu saa hii, Jericho yote imejua kabla ya chai ya asubuhi. Na mum, vile alisimama kanisani akanitolea ushuhuda...

Kitu ikasogea ndani. Miguu imelowa maji kwa simiti. Pwat... pwat... Ikasimama upande ule mwingine wa mlango. Ikanong'ona kwa tundu ya kitasa, pole pole, kama inanihurumia.

"Umekuja kuniondoa?"

"Toka kwa mathe wangu," nikanong'ona.

"Sema jina yako, basi. Kwa nguvu. Uskike na wote... nitatoka."

Hivyo tu. Jina moja.

"Wee kijana wa hood!" Warigia akaita. "Unataka nini kwa Mama Mumo? Mtoto wake ametoka Japan leo, wacheni mtu apumzike! Ama ushaskia kuna zawadi?"

Watu wakacheka. Madirisha yakafunguka. Nikajua sauti za kina nani, wote, mmoja mmoja. Wote waliniimbia.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Nimekosea nyumba, mathe."

Halafu mum, na ile upole yake, kutoka mbali, huko mezani:

"Pole kijana. Mungu akuonyeshe kwenu."

Na hapo kwa mlango, karibu na sikio yangu, komeo ikafungwa.

Mum alikuwa bado mezani.